Jenerali Lettow-Vorbeck na Hesabu ya Chakula: Maisha ya Mtu Mmoja katika Somo la Historia ya Vita

Mwanachuo anayepelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Tunduma, Vwawa, Igamba au Kamsamba hana budi kukutana, mapema au baadaye, na jina la Paul von Lettow-Vorbeck. Atalikuta katika vitabu vya historia, katika sura ya Vita Kuu ya Kwanza, na mara nyingi atalikuta limepambwa kwa sifa: mkuu wa jeshi asiyeshindwa, aliyewasumbua Waingereza miaka minne kwa jeshi dogo. Tuliwahi kukaa nyuma ya darasa moja katika sehemu hizo, mwanachuo akifundisha somo hilo. Alikuwa amejiandaa vizuri. Ubaoni alikuwa amechora ramani, akaandika tarehe na majina ya mapigano, na watoto wakanakili kwa utulivu. Kisha mtoto mmoja wa kike akanyosha mkono na kuuliza watu wote wale walikuwa wakila nini. Mwanachuo akasema jambo hilo lingeangaliwa katika kipindi kijacho, akaendelea na tarehe.

Hatukumlaumu, kwani hata sisi tulipokuwa vyuoni hatukufundishwa kuuliza hivyo. Lakini swali la mtoto yule ndilo swali ambalo chuo kikuu kimoja cha Ulaya kilikuja kulikubali baada ya ubishi wa miaka mingi. Kwa hiyo twataka kuyaeleza maisha ya jenerali huyu tukiwa na swali hilo mkononi.

Lettow-Vorbeck alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 katika mji wa Saarlouis, baba yake akiwa ofisa wa jeshi la Prussia. Utoto wake ulikuwa wa kambini. Alipelekwa katika shule za makadeti, Potsdam na kisha Berlin, na mwaka 1890 alikuwa ofisa kijana. Katika miaka ya 1890 aliingia Chuo cha Vita cha Berlin, mahali walipoandaliwa maofisa wa makao makuu ya jeshi. Humo historia ya vita ilikuwa somo kubwa. Lakini yatupasa kufahamu ilikuwa historia ya namna gani. Walioifundisha walikuwa maofisa, na waliosoma walikuwa maofisa. Vita vya zamani vilichambuliwa ili mkuu wa jeshi wa kesho ajue pa kuweka mizinga na wakati wa kushambulia. Mwanakijiji ambaye shamba lake lilikanyagwa hakuwa na nafasi katika ramani zile.

Katika mji huohuo wa Berlin, na katika miaka hiyohiyo, alikuwapo profesa mmoja wa chuo kikuu aliyekuwa akiisoma historia ya vita kwa njia nyingine. Jina lake Hans Delbrück, aliyezaliwa mwaka 1848 na kufariki mwaka 1929. Yeye mwenyewe alipigana katika vita vya Wajerumani na Wafaransa vya mwaka 1870, kisha akawa mwalimu wa mtoto wa ukoo wa kifalme kabla ya kuingia chuo kikuu. Alipata taabu pande zote mbili. Wanahistoria wenzake waliona vita si somo la kuwashughulisha wasomi. Maofisa nao waliona raia hana haki ya kuwafundisha mambo ya vita. Aliposema kwamba Mfalme Frederick Mkuu wa Prussia alipigana kwa mkakati wa kumchosha adui badala ya kumvunja kwa pigo moja, maofisa walikasirika kana kwamba marehemu ametukanwa.

Silaha ya Delbrück ilikuwa hesabu. Mwandishi wa kale wa Kigiriki, Herodotus, alisimulia kwamba Mfalme Xerxes wa Uajemi, ambaye wengi humtambua kuwa ndiye Ahasuero wa Kitabu cha Esta, aliivamia Ugiriki na jeshi la mamilioni. Vizazi na vizazi vya wasomi vilikuwa vimelinakili jambo hilo. Delbrück alichukua kanuni za mwendo wa jeshi la Ujerumani la siku zake, akakadiria urefu wa msafara wa watu wengi kiasi hicho, akaona kwamba wa kwanza wangekuwa wamefika Thermopylae katika Ugiriki wakati wa mwisho ndio kwanza wanaondoka Susa, ng'ambo ya mto Tigris. Hesabu ya darasani ikaiangusha habari iliyoaminiwa kwa zaidi ya miaka 2,000. Tangu hapo mwanafunzi wa historia ya vita katika chuo kikuu hufundishwa kuuliza: walikuwa wangapi, walipita njia ya upana gani, walikula nini, na nani aliyekibeba chakula hicho?

Hatuna sababu ya kudhani kwamba Lettow-Vorbeck alimfuata profesa huyu. Alikuwa na haraka ya kuona vita vyenyewe. Mwaka 1900 alikwenda China pamoja na majeshi ya mataifa yaliyozima uasi wa Mabondia. Mwaka 1904 alipelekwa Afrika ya Kusini Magharibi, Namibia ya leo, akawa ofisa msaidizi wa Jenerali von Trotha katika vita dhidi ya Waherero na kisha Wanama. Makumi ya maelfu ya Waherero waliuawa, au walifukuziwa jangwani wakafa kwa kiu. Serikali ya Ujerumani ilikiri mwaka 2021 kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari. Wasifu mwingi wa Lettow-Vorbeck huipita miaka hii kwa sentensi moja, ukitaja zaidi kwamba mwaka 1906 alijeruhiwa na jicho lake la kushoto likapoteza nuru. Sisi twaona ni miaka ya kutazamwa vema, kwa kuwa ndipo alipojifunza vita vya Afrika.

Alifika Dar es Salaam Januari 1914 akiwa luteni kanali, kuliongoza jeshi la koloni lililoitwa Schutztruppe. Lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani wachache. Vita vilipoanza Agosti mwaka huo, Gavana Heinrich Schnee hakutaka koloni iwe uwanja wa mapigano. Lettow-Vorbeck alitaka. Nia yake ilikuwa kuwavuta Waingereza walete majeshi Afrika Mashariki ili wayapunguze Ulaya. Novemba 1914 aliwashinda Tanga, ambako jeshi lililotoka India, watu wapatao 8,000, lilirudishwa baharini na kikosi kisichozidi sana 1,000. Kuanzia mwaka 1916 Jenerali Smuts alimsukuma kusini, na kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini likaja jeshi la Jenerali Northey. Mwezi Mei mwaka huo Northey alizishambulia ngome za Wajerumani mpakani, Igamba ikiwa mojawapo. Oktoba 1917 yalitokea mapigano makali ya Mahiwa, katika sehemu za Lindi, na mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck alivuka Mto Ruvuma akaingia Msumbiji. Huko alizunguka miezi kumi akiishi kwa kunyang'anya maghala ya Wareno na vyakula vya wanavijiji. Mwishoni mwa Septemba 1918 akavuka tena Ruvuma kurudi kaskazini.

Safari ya mwisho ndiyo inayowahusu hasa walimu wa Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Jeshi lilipitia Songea, likafika Ubena, penye Njombe ya leo, ambako Jenerali Wahle aliachwa kwa ugonjwa. Kisha likageuka magharibi. Mwishoni mwa Oktoba lilikuwa Mbozi, penye misheni ya Wamoravian, katika nchi ya Wanyiha. Toka hapo likashuka kupitia nchi ya Wanyamwanga, ambao mpaka wa wakoloni ulikuwa umewagawa pande mbili, na mwanzoni mwa Novemba likaishambulia Fife, boma la Waingereza lililokuwa karibu na Nakonde ya leo. Leo mtu akisimama Tunduma ataona malori yamepanga foleni kuvuka mpaka, na reli ya TAZARA ikipita. Mwaka 1918 mizigo yote ya vita ilipita sehemu hizo juu ya vichwa vya watu.

Hapa ndipo tunapomwomba mwanachuo aweke chaki chini kidogo na kuwaachia watoto kazi. Jeshi liliposalimu amri wiki chache baadaye lilikuwa na Wazungu 155, askari wapatao 1,150, na wapagazi, wanawake na watoto waliowazidi askari kwa idadi. Tuseme jumla ni watu 3,000, hesabu ya chini. Watoto na wakadirie kwamba kila mtu alikula kilo moja ya nafaka kwa siku. Hizo ni kilo 3,000, yaani magunia 30 ya kilo mia, kila siku ya Mungu. Jamaa ya watu sita, ikiwa kila mmoja anatosheka kwa nusu kilo, hutumia kilo tatu kwa siku. Chakula cha jeshi cha siku moja, basi, kingeilisha jamaa hiyo siku 1,000, ambazo hazipungui sana miaka mitatu. Na wakipangwa mmoja nyuma ya mwingine katika njia ya porini, kila mtu akichukua mita mbili, msafara ungekuwa na urefu wa kilometa sita. Kwa mwendo wa kilometa nne kwa saa ungechukua saa moja na nusu kuupita mlango wa nyumba moja.

Kisha wafanye hesabu ya mpagazi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kilo 25 hadi 30. Mpagazi anayekula kilo moja kwa siku humaliza mzigo wake wote kwa mwezi mmoja tu, bila kumpatia askari hata punje. Kwa sababu hiyo jeshi lisilo na reli wala magari, na lisilo na ghala nyuma yake, haliwezi kula chakula cha mbali. Litakula cha hapohapo linapopita, likiwa limekinunua au limekinyang'anya. Lettow-Vorbeck alikuwa amekatwa na kila bandari na kila ghala. Jibu la mtoto yule wa kike ni kwamba walikula vihenge vya wenyeji.

Tena twaomba mwezi usisahauliwe. Mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba katika nyanda za Mbozi ni mwisho wa kiangazi. Mavuno ya mwaka yamekwisha kuliwa sehemu kubwa, mvua za kupandia zinangojewa, na kilichomo kihengeni ni akiba ya kufikia mavuno mapya pamoja na mbegu. Anayechukua ulezi na mahindi mwezi wa Mei amechukua chakula cha mwaka mmoja. Anayechukua mwezi Novemba amechukua na shamba la mwaka ujao.

Mambo haya si ya kukisia tu kwa penseli. Ludwig Deppe, daktari aliyekuwa katika jeshi hilohilo, aliandika baada ya vita kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyofagiliwa na njaa iliyokuwa ikija. Wapagazi wengi hawakuwa watu wa hiari. Walikamatwa vijijini, na wako waliofungwa kamba wasitoroke. Upande wa Waingereza haukuwa na mikono safi zaidi. Walikusanya wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika vita vyote vya Afrika Mashariki, na waliokufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na utapiamlo kuliko kwa risasi, hukadiriwa kuwa karibu laki moja. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi chao. Huko Ugogo, ambako majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana, njaa iliyokuja na ukame wa 1917 hadi 1920 iliua maelfu kwa maelfu. Juu ya hayo yote, mwishoni mwa 1918 ilienea homa kali ya mafua iliyoizunguka dunia.

Fife haikutekwa. Lettow-Vorbeck aliiacha akaenda kusini hadi Kasama, na tarehe 13 Novemba, karibu na Mto Chambeshi, alipata habari kwamba vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha siku mbili nyuma. Tarehe 25 Novemba 1918 alisalimu amri Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, nchini Zambia. Askari wake walipelekwa kuzuiliwa Tabora, na wengi walikufa huko kwa ile homa. Yeye alirudi Ujerumani, na Machi 1919 akapita katika mitaa ya Berlin mbele ya umati uliomshangilia.

Ilikuwa nchi iliyoshindwa, yenye njaa ya kupata mshindi. Mwaka 1920 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake, na kingine kwa ajili ya vijana, vikasomwa sana. Mwaka huohuo alijihusisha na jaribio la kuipindua serikali ya jamhuri, akaondolewa jeshini. Alikuwa mbunge kuanzia 1928 hadi 1930. Wanawe wawili walikufa katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1953 alizuru Tanganyika, akapokewa na wazee waliokuwa askari wake, nao, kwa yote yanayojulikana, walimfurahia kwa kweli. Mwalimu asifiche jambo hilo. Askari alilipwa mshahara, alikuwa na cheo na bunduki, na mara nyingi mtumishi wa kumbebea vyombo. Kumbukumbu zake si za mpagazi, wala si za mama aliyefika kihengeni akakuta mavumbi.

Jenerali huyo alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964. Mwaka huohuo bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wake waliokuwa bado hai. Fedha ile ilihusu askari. Kambi kadhaa za jeshi la Ujerumani zilizopewa jina lake zimekwisha kufungwa au kubadilishwa jina tangu miaka hiyo.

Yabaki kusema jinsi chuo kikuu chetu kilivyolichukua somo hili, kwa kuwa mwanachuo atauliza apate wapi habari za watu ambao hawakuandika vitabu. Katika miaka ya 1968 na 1969 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam, iliwatuma wanafunzi wake wakati wa likizo waende vijijini kuwasikiliza wazee waliovikumbuka vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wakuu wa kazi hiyo walikuwa Gilbert Gwassa na John Iliffe. Ilikuwa historia ya vita iliyosomwa chuo kikuu bila kuanzia na jenerali. Mwanafunzi alirudi na daftari lenye majina ya waganga, ya vijiji, ya njia, ya vyakula vilivyokatazwa kuliwa vitani. Delbrück alitumia hesabu kuwapima waandishi wa kale. Hawa walitumia masikio kupata yale ambayo waandishi hawakuyaandika. Mwalimu wa shule ya msingi anazihitaji njia zote mbili, ingawa hana likizo ndefu wala nauli.

Wazee walioiona Novemba ya 1918 hawapo tena. Waliopo ni wajukuu na vitukuu wao, na si kila wanalosimulia ni la kuaminiwa. Twashauri watoto watumwe nyumbani na maswali machache ya namna hii: kijiji kilikuwa wapi kabla hakijahamia mahali kilipo, vihenge viliwekwa wapi, kuna mahali panapoitwa kwa jina la njaa au la vita, ni nani katika ukoo aliyekwenda kubeba mizigo na hakurudi. Wataleta majibu yanayopingana. Yaandikwe yote ubaoni, kisha darasa liyapime: lipi lawezekana kwa mwendo wa siku moja, lipi lalingana na msimu wa kilimo, lipi limechanganya vita hivi na Maji Maji au na Vita Kuu ya Pili. Mwalimu asiye mwenyeji, asiyejua Kinyiha wala Kinyamwanga, atasaidiwa na watoto wenyewe katika majina ya mahali, na wengi hufurahi sana kumfundisha mwalimu wao.

Kuhusu hesabu ya magunia, tumeona inakwenda vizuri zaidi katika madarasa ya juu, vipindi viwili vikiunganishwa, hesabu na historia. Debe moja tupu na kamba ya mita ishirini zatosha kuwa zana. Watoto wapangwe uwanjani mmoja nyuma ya mwingine, wahesabu hatua, kisha wakadirie msafara wa watu 3,000 ungefika wapi kutoka mlango wa shule. Azimio la kazi likiruhusu, somo hili liwekwe mwezi wa Oktoba, wakati ambapo kila mtoto wa mkulima anajua bila kuambiwa ni kiasi gani kimebaki nyumbani.